Mota Ikishazima

Kwa Kaka yangu,

Shikamoo. Najua hutaiitikia kwa moyo mmoja, lakini shikamoo ni haki yako, na siwezi kukunyima haki yako kwa sababu ya hasira, ziwe zako au zangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kila ukiinama umekuachia walau kidogo. Mimi mwili hauna neno. Nakula, nalala, natembea. Ya moyoni utayakuta huko mbele, usiwe na haraka.

Barua yako niliipata. Nimeisoma hadi mwenzangu wa chumba akaniuliza kama nimeandikiwa na mchumba. Nilipomwambia ni kaka yangu alirudi kwenye chai yake. Utajiuliza kwa nini sikukupigia simu tukayamaliza. Kwa simu ungenikatia. Wewe unanikatia hata nikikutakia sikukuu njema. Karatasi huwezi kuikatia katikati ya neno, labda uichane, na hata ukiichana najua utaviokota vipande uone nilikuwa naelekea wapi. Nakujua.

Kwanza nimeshukuru kusikia Shangazi karudi nyumbani kutoka hospitali. Umeandika kwamba bado hawezi kufika getini bila kushikwa mkono, na kwamba siku hizi anaona watu kama wamesimama nyuma ya pazia. Hapo niliiweka barua chini. Huyu ndiye aliyetulea sisi wawili alipofariki Mama. Alikuwa akinitambua kwa vishindo vya miguu nikiwa bado barabarani, na nikiingia tu anaanza kunigombeza kwa kosa ambalo bado sijamweleza. Leo anashikwa mkono kwenda getini. Nilikwenda bafuni nikafungulia bomba ili mwenzangu asinisikie.

Kisha umenipa habari za karakana. Umesema wateja walikukimbia mmoja mmoja: mwenye bucha, yule mama wa duka la maziwa, mpaka zahanati ambayo Baba alikuwa akiihudumia tangu sisi hatujazaliwa. Wote wamebandikiwa kidude nyuma ya friji, kinasikiliza na kupeleka habari kwenye kompyuta za mbali, na kompyuta hizo ndizo zinazoamua fundi aje lini na aje nani. Huyo fundi naye, ulivyosema, ni kijana wa kampuni asiyesalimia mtu. Anabadilisha anachoambiwa na simu yake, anafunga mkoba, huyo anakwenda zake. Halafu ukasema mambo yamegeuka. Friji la zahanati limekufa bila kidude kutoa onyo mapema, habari zimeenea, na watu wameanza kukurudia. Mwenye bucha kaja mwenyewe akijifanya alikuwa anapita tu. Nilikuona kabisa, Kaka, ukijifanya una kazi chungu nzima ili asimame pale mlangoni asubiri. Nilicheka peke yangu. Halafu nikaurudia ule mstari wa friji la zahanati.

Mwisho kabisa ukaniuliza swali. Mwenye bucha alikuonyesha ujumbe ambao kile kidude kilimtumia kwenye simu siku ya kwanza, umeandikwa: "Usifungue kabla hujasikiliza." Ukasema maneno hayo uliyasikia kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo tulimzika. Ukaniuliza, kwa vile nami nafanya kazi huko kwenye mawingu, kama unavyoziita hizo kompyuta za mbali, kama najua mashine hiyo imetoka wapi. Uliuliza kwa upole, na upole wako ndio ulionitia hofu. Matusi yako nimeyazoea.

Nitakujibu. Lakini kabla sijakujibu utanisikiliza nilivyoondoka, maana hadithi hiyo umekuwa ukiisimulia wewe peke yako miaka yote hii.

Watu wote pale wanajua kwamba nilichoka kuchafuka. Nilianza kuona haya kwa kucha nyeusi, nikaacha kazi ya Baba nikakimbilia kompyuta. Ukanibandika jina la Bwana Mawingu. Ukaniuliza mbele ya wateja huko juu nitaining'iniza wapi spana yangu, watu wakavunjika mbavu. Na mimi nilicheka. Ukiwa mdogo wa mtu, akikutania mbele za watu unacheka, utafanyaje?

Ukweli unaujua, ila hujawahi kuusema. Baba alikupa wewe mikono. Mpaka leo sijaona mtu anayelehemu bomba la shaba kama wewe, safi, bila donge, na nasema hivi ingawa nimekukasirikia. Mimi alinipa sikio. Alinipeleka nyuma ya friji nikiwa sijafika hata urefu wa mlango wake, akanibandika shavu kwenye bati, akaniambia nisimweleze kitu mpaka niwe na hakika. Ndipo Shangazi aliponiita Sikio, na jina likanikaa. Baba alipotutoka, mimi na wewe tungeweza kuwa fundi mmoja aliyekamilika. Lakini tukifika kwa mteja ulikuwa unanisukumia nyuma ya friji, nasikiliza, nakunong'oneza ugonjwa, kisha unamgeukia mteja na kumweleza kama vile umeota wewe. Mteja anakupa mkono wewe, mimi napeana mkono na mtungi wa gesi.

Siku ile ya zahanati ndiyo iliyonimaliza. Muuguzi aliuliza friji lina nini, nami kwa bahati mbaya nikamjibu kabla yako. Nilimjibu sawasawa. Hukusema nimekosea. Ulinigeukia mbele yake ukasema, "Wewe kazi yako kusikia, si kusema." Muuguzi aliinamisha uso kwa kunionea aibu. Wewe uliendelea kufungua skrubu, na nadhani kabla hatujafika nyumbani ulishasahau. Mimi sikusahau hata kidogo.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma. Nilisomea nyuma ya duka la kudurufu karatasi, kwenye kompyuta iliyopasuka kioo, mikono ikinuka mafuta ya kompresa hata niinawe vipi. Nilijifunza jinsi kompyuta zilizo katika jengo usilolijua zinavyoweza kukufanyia kazi kana kwamba ziko mezani kwako, jinsi ya kuziwasha na kuzizima ukiwa mbali, jinsi ya kugawa mzigo ili moja ikianguka nyingine ishike. Nilipowasha seva yangu ya kwanza nikaiambia iandike neno, ikaandika, sikuweza kukaa kitini. Utaona ni utoto. Lakini ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kitu kunijibu bila wewe kusimama katikati.

Vyeti nilivipata, nikaviweka kwenye bahasha nikaenda kuomba kazi. Meneja, mama mmoja mpole mwenye sauti ya chini, alivipitia kwa haraka akaviweka kando. Akaniuliza habari za karakana. Nikadhani anataka tuzoeane kidogo kabla ya maswali yenyewe. Akanivalisha spika za masikioni, akanisikilizisha mlio wa friji, akaniuliza lina nini. Nikamwambia. Akaleta la pili, la tatu, nikamwambia yote. Kazi nikapewa palepale. Kuhusu seva hakuniuliza swali hata moja. Nilimpigia Shangazi simu kumpa habari, akashangilia hadi jirani akaja kugonga mlango akidhani kuna msiba. Wewe ulikuwepo, nilikusikia kwa nyuma ukiuliza nani anapiga kelele.

Basi sikia kazi niliyoajiriwa kufanya. Chumba hakina dirisha. Kuna meza, kompyuta, na zile spika za masikioni. Wenzangu wanaofanya yale niliyosomea wanakaa upande wa pili wa kioo, wanajenga, wanapanga, wanabishana, wanacheka. Mimi nasikiliza mafriji. Vidude vinarekodi sauti huko viliko, sauti zinapanda kwenye wingu, na mimi naziandikia majina: hili zima, hili limepungukiwa gesi, hili feni yake imelegea. Mashine inalinganisha nilichosema na ilichosikia, na polepole inajifunza kusema yenyewe. Wale wa upande wa pili waliniita Friji. Wakikwama walikuwa wakisema, mleteni Friji asikilize. Nilikimbia kutoka nyuma ya friji kwenda kusoma, Kaka, na nilipomaliza kusoma nikarudishwa nyuma ya friji.

Yale maneno ya Baba ni mimi niliyeyatoa. Meneja aliuliza fundi wetu wa nyumbani alikuwa akimwambia nini mteja kabla ya kuanza kazi, nami nikayatamka bila kufikiri. Akayapenda, yakaingizwa kwenye ujumbe wa kwanza wa kila mteja. Sikufichi, siku hiyo niliona fahari. Nilijisemea kwamba angalau Baba amefika mbali.

Sasa umeshajua jibu la swali lako. Lakini hilo nililolijibu ndilo jepesi.

Siku moja nilikuwa nasikiliza kama kawaida, ikapita sauti moja nikavua spika nikakaa nikitazama ukuta. Kompresa ilikuwa inavuma na chini yake kuna kitu laini kinachotafuna mtikisiko. Unakumbuka friji la mwenye bucha lilivyokuwa likitikisika hadi mizani inacheza, ukakata kipande cha ndala yako uliyovaa ukakitia chini ya mguu wa mota, ukarudi nyumbani unachechemea? Ndiyo hiyo. Kile kipande cha ndala nilikisikia. Hapo nikajua mashine yangu imefika mtaani kwetu, na kwamba wanaokuacha wanaachishwa na mimi.

Ningefanya nini? Kuacha kazi sikutaka. Kurudi kuja kubeba mtungi sikutaka zaidi. Nikatafuta njia ya kukutendea wema bila wewe kujua, na bila mimi kukusamehe. Nikaificha siri ya mwisho ya Baba.

Unaijua naisema ipi. Mafundi wote wanasikiliza friji likiwa linafanya kazi. Baba peke yake alikuwa akisubiri mota izime, ndipo anabandika sikio. Kama kompresa ni nzima, gesi inanong'ona kwenye vibomba kwa muda mrefu ikirudi kutulia. Kama vali za ndani zimechoka, mnong'ono unakatika upesi, na friji hilo hata kama leo linagandisha barafu, halina siku nyingi. Kitu hicho hakuna chuo kilichonifundisha, na sijakutana na fundi mwingine anayekifanya. Ni cha nyumba yetu. Basi nilipopewa nafasi ya kupanga vidude virekodi wakati gani, nilivipanga vilale mara tu mota inapozima. Nikamweleza Meneja kwamba kurekodi kimya ni kujaza nafasi bure, na nafasi kwenye wingu inalipiwa. Akanisifu mbele ya wote. Akasema sasa nafikiri kama mtu wa kompyuta. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusifiwa kwa kazi niliyoisomea, na ilikuwa uongo mtupu.

Nilijiambia, acha friji moja moja life bila onyo. Nyama itaoza, maziwa yataganda, watu watalalamika, watamkumbuka fundi wao. Zahanati sikuifikiria. Hapana, nisikudanganye tena. Niliifikiria, nikaipita haraka.

Yaliyofuata umeniandikia wewe mwenyewe, ila hukujua unamwandikia nani. Zahanati ilifungwa kwa sikukuu. Muuguzi alikuwa amesafiri kwao. Kidude kilipiga kelele kwenye simu yake friji likiwa limeshakufa na dawa zimeshapata joto, wakati kazi yake ilikuwa kusema mapema, lingali linapoza. Aliporudi alizitupa zote, ndivyo inavyotakiwa. Insulini nyingine ya wagonjwa wa kisukari ikachelewa kuletwa. Shangazi akaenda kuchukua yake, akaambiwa arudi, akarudi tena, akaambiwa tena, na kwa ile tabia yake ya kutotaka kumsumbua mtu hakumwambia yeyote, hadi ukamkuta sakafuni jikoni.

Nilipomaliza kusoma barua yako nilikwenda kazini nikazitafuta sauti za lile friji la zahanati. Ninalijua, hata usiniambie ni lipi. Nilizisikiliza zote za siku zake za mwisho. Mota inavuma vizuri, mashine imeandika kila mara kwamba friji ni zima. Kisha mota inazima, na kabla sauti haijakatika, unasikia mnong'ono ukianza kidogo tu. Halafu kidude kinalala kama nilivyokiagiza. Nilikuwa nikirudia palepale, kana kwamba nikirudia sana kitasahau kulala.

Siku ile mbele ya muuguzi uliniambia kazi yangu kusikia, si kusema. Basi, Kaka, nilikutii. Hakuna agizo lako nililolishika vizuri kama hilo. Nilijua, nikanyamaza, na tazama nani amelipa.

Sasa pokea lile zito. Nimewaambia. Niliingia kwa Meneja nikamweleza kwamba vidude visilale, visubiri hadi mnong'ono uishe, nikamwonyesha uzima ukoje na ugonjwa ukoje. Aliniuliza kama nilikuwa najua tangu zamani. Nikamjibu kwetu tunajua tangu enzi za Baba. Hakunigombeza, aliagiza wajaribu. Wamejaribu, na mashine imeshika upesi kuliko mimi nilivyoshika. Baada ya hapo akaniita, akanishukuru kwa upole wake uleule, akaniambia mkataba wangu hautaongezwa kwa kuwa hakuna tena cha kusikiliza. Nikauliza kama naweza kuhamia upande wa pili wa kioo, kwa vile vyeti ninavyo. Akasema huko wamejaa.

Kwa hiyo wale wanaokurudia, Kaka, usiwahesabu. Watakaa kwako kidogo, kisha watasikia kwamba mashine siku hizi haikosei, na kweli haitakosea, watakwenda. Kile kitu kimoja kilichokuwa chetu peke yetu nimekitoa nje kwa mikono yangu, na wewe sikukuomba ruhusa. Ungesema nisikitoe. Au pengine, ukiwa umetoka kumshika Shangazi mkono hadi getini, ungesema nikitoe. Sikutaka kukuuliza nikakuta hata wewe hujui lipi bora. Friji la mwenye bucha nalo kompresa imeanza kuchoka. Ukiwahi, mwambie wewe kabla simu yake haijamwambia, uonekane fundi kwa mara nyingine.

Nimekukasirikia, na sitaficha. Ungenipa mteja mmoja tu nikaongea naye mwenyewe, nisingeondoka. Siandiki hivi ili tugawane lawama, maana hii nimeibeba peke yangu na inanitosha. Naandika kwa sababu ni kweli, na hakuna mtu mwingine duniani wa kumwandikia.

Sikuombi nafasi karakanani. Nikija nitakuja kwa ajili ya Shangazi, na ukitaka kunifukuza utanikuta hapohapo getini.

Nisalimie shemeji, na watoto wote uwape mkono kwa niaba yangu. Nisalimie na yule muuguzi, umwambie hakufanya kosa lolote. Na sasa Shangazi. Umeandika kwamba yeye hamlaumu mtu, hata muuguzi, ila kila akipapasa ukuta kutafuta mlango anasema yule aliyetengeneza kile kidude Mungu anamwona. Msomee barua hii yote, usiruke mahali kwa kumhurumia wala kwa kunihurumia mimi. Akikuuliza ni nani aliyeiandika, kwa kuwa hawezi tena kuusoma mwandiko wangu, mwambie ni yule aliyepewa jina na yeye mwenyewe.

Mdogo wako,

Sikio